Siku Sauti ya Mzee Osukuku Ilipozimwa

Sharlyne alikuwa hajamaliza chai yake ofisini, Busia mjini, alipopata onyo: programu anayochapishia tovuti zote anazotunza ilikuwa na tundu. Mtu yeyote angeweza kuingia bila nenosiri na kufuta kila kitu.

Tovuti iliyomjia akilini kwanza haikuwa ya hoteli wala ya shule. Ni ile yenye rekodi za sauti za hadithi za Kiteso alizosimulia marehemu Mzee Osukuku wa Amukura. Aliifungua mbio. Kati ya majina ya wenye ruhusa ya kuingia, akaona moja asilolijua. Akakagua rekodi zote; hakuna iliyoguswa. Akazinakili pembeni, akalifuta jina lile la mgeni, kisha akaizima tovuti ili aitengeneze.

Punde simu ikalia. Alikuwa Mama Aguti, mjane wa mzee, ambaye kila siku, akichambua mboga, humsikiliza mumewe kwenye tovuti hiyo.

“Sharlyne, leo mzee haongei. Nabonyeza, nabonyeza, kimya tu.”

“Pole, mama. Ni mimi nimefunga. Kuna watu wabaya wamepata njia ya kuingia. Wangeweza kumfuta.”

“Kumfuta?” Sauti ya mama ikashuka. “Si tulishamzika mara moja?”

Kidole cha Sharlyne kilikuwa karibu na kitufe cha kuiwasha tovuti tena, walau mama asikie hadithi moja. Akakiondoa.

“Yuko salama, mama. Nimeweka nakala zake zote. Nivumilie tu nizibe hilo tundu.”

“Sawa. Lakini usikate simu. Hii nyumba imenyamaza sana.”

Basi Sharlyne akaiweka simu mezani, spika wazi, akaanza kupakia toleo jipya la programu na kubadilisha manenosiri. Ili kuujaza ukimya, akamwomba mama amsimulie hadithi yoyote. Mama Aguti alikataa, akacheka, kisha akaanza ile ya sungura na mke wa fisi. Mzee alikuwa akiiharibu kila mara, mama alisema, kwa sababu alimwonea fisi huruma.

Sharlyne alifanya kazi akicheka. Alipojaribu mara ya mwisho, tovuti ikafunguka, safi.

“Mama, tayari! Bonyeza sasa, mzee amerudi.”

“Mwambie angoje,” akajibu Mama Aguti. “Bado sijamaliza.”