Dakika ya Kwanza ya Hawe Pola

Jumamosi ya tarehe kumi na nne, mwezi wa Juni, mwaka wa elfu mbili ishirini na tano, Kanze alikuwa ameinamia karai la mafuta sokoni Kakuyuni, akigeuza mahamri, aliposikia mama mkwe wake akicheka mahali ambapo hakuwapo.

Akainua kichwa. Asubuhi alikuwa amemwacha nyumbani, amekaa mkekani akichambua kisamvu. Hawe ndivyo Wagiriama wanavyomwita bibi, na Pola, mama mkwe huyo, kwa umri wake, alikuwa Hawe wa kijiji kizima. Kicheko kikatoka tena, kirefu, chenye mkwaruzo, na safari hii kikatanguliwa na ngoma ya mbali. Kilitoka ndani ya simu, katikati ya vijana wa bodaboda waliokusanya vichwa kama kuku kwenye pumba.

"Mama Easter," mmoja akamwita, "njoo umwone mkweo. Kaingia kwenye sinema huyo, sasa hatatusalimu tena."

"Akusalimu wewe umjibu?" mwenzake akadakia. "Mie nikikutana naye njiani nageuza pikipiki."

Wakacheka. Kanze akajifuta mikono kwa kanga, akawaendea.

Picha ilianza na giza. Bundi akalia. Moshi ukapanda, na ndani ya moshi ikaonekana kandambili moja ya mtoto, imelala vumbini bila mwenyewe. Mikono mikavu ikatwanga kinuni kitu kisichoonyeshwa. Ngoma. Halafu macho mawili mekundu yakitazama kupitia moshi, na juu ya macho hayo nywele nyeupe pe, zimesimama kama pamba iliyochambuliwa. Kicheko. Herufi nyekundu zikajiandika mojamoja, zikichuruzika: HAWE. Ikakatika hapo.

Kanze alikijua kila kitu kilichokuwamo mle. Kandambili ilikuwa ya Easter, binti yake. Kinu kilikuwa chake. Moshi ulikuwa wa vifuu vya jikoni mwake mwenyewe. Hata hivyo malaika ya mwili yalimsimama, akamwogopa Hawe Pola kwa kitambo cha kufumba na kufumbua, na hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Ikiwa yeye, aliyekula chungu kimoja na mama huyo tangu aolewe, ameogopa, mtu asiyemjua ataogopaje?

Chini ya picha watu walikuwa wameandika. Kanze alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la watu wazima, na bado alisoma kwa kutembeza kidole. "Huyu namjua." Kidole kikashuka. "Anakaa wapi?" Kikashuka tena. "Kakuyuni, nyuma ya mashine ya kusaga. Nyumba ya makuti, mlango wa buluu."

Mlango huo aliupaka rangi kwa mikono yake. Kuna kusoma ambako mtu akishasoma hutamani arudi ujingani.

Nyuma yake mtu akashusha pumzi. Alikuwa Dzombo, binamu wa mumewe, mtu mpole ambaye kwa siku hizo upole ulikuwa umemkauka usoni.

"Mwanangu anaungua na homa, wiki ya pili sasa," akasema taratibu, bila kumwangalia mtu. "Nimekwenda kwa huyu, nimekwenda kwa yule, natafuta sababu. Kumbe sababu imekwishapigwa picha."

Hapo hakuna aliyecheka.

Mgeni atauliza, kicheko tu kina nini? Katika vijiji vya pande zile, mzee mwenye mvi na macho mekundu hangoji kushtakiwa. Mvi zenyewe ndizo mashtaka. Wako waliokatwa mapanga kwa mvi tu. Ndiyo sababu wazee wengi hupaka piko, wakawa na vichwa vyeusi juu ya nyuso zilizokunjamana, na kila mwezi Kanze alimkalisha Hawe Pola uani akampaka, kama wengine wanavyofunga mlango jua likizama.

Lakini mwezi wa Aprili alikuja Eugene, kijana wa bara aliyeajiriwa katika studio moja ya picha mjini Malindi. Alitaka kutengeneza filamu fupi ya bibi na mjukuu, akaomba nywele ziachwe nyeupe. Kanze alikataa. Hawe ndiye aliyekubali.

"Niache, mwanangu," alisema. "Mvi hizi nimezipata kwa kulea. Nizionyeshe mara moja kabla sijazikwa nazo."

Tangu hapo hakupakwa tena.

Kanze aliacha mahamri yakiungua, akakimbia nyumbani. Njiani alimwamkia jirani yake aliyekuwa akichota maji. Yule mwanamke akamshika mtoto wake mkono, akamvuta upande wa pili wa njia. Alipofika uani, pikipiki ilipita polepole nyuma ya ua wa minyaa. Ikapita tena. Aliyepanda nyuma alikuwa akiutazama mlango.

Hawe Pola alikuwa pale pale mkekani, kichwa wazi.

"Hawe, ingia ndani nikupake piko."

Mama mkwe akayasikia yote aliyoelezwa, akaendelea kuchambua majani. "Ukinipaka leo watasema nimejificha. Nikihama watasema nimekimbia. Mimi nitakaa hapa, kwenye mwanga, kila apitaye anione nachambua kisamvu. Mchawi achambue kisamvu mchana?"

Jani alilokwisha kulichambua akalichambua tena. Kanze aliona, akatazama pembeni.

Mumewe alikuwa Lamu kwenye kazi ya ujenzi, simu imezimwa. Mzee wa mtaa alikuwa matangani Matsangoni. Simu yake iliita hata ikachoka. Easter alikuwa kanisani na kwaya, na Kanze akashukuru. Akavuka ua, akabisha kwa Zipporah, mama wa kutoka bara aliyeuza mboga. Mlango ukafunguka kidogo tu.

"Nimeiona," Zipporah akasema kabla hajaulizwa. "Mama Easter, sikudanganyi. Nilikuwa nimefunga kwa komeo."

"Njoo ukae naye mpaka nirudi. Wakikuta mtu wataona haya."

"Na wasipoona haya?"

Kanze akageuka aende zake. Alikuwa hajafika njiani aliposikia komeo likivutwa. Zipporah akatoka na kigoda kwapani na kikapu cha sukuma wiki mkononi. "Nitakatia mboga huko," akasema. "Mboga hazichagui ua."

Studio ya Eugene ilikuwa ghorofani, nyuma ya soko la Malindi. Kijana alimpokea kwa furaha.

"Karibu, Mama Easter. Umeiona? Watu elfu tatu tangu jana."

Kanze hakuketi. "Umemfanya mchawi."

"Hapana, mama. Ukiiona yote, si mchawi. Mtoto anapotea, kijiji kinamshuku bibi, na mwishowe bibi ndiye anayempata. Mtazamaji anakumbuka alivyomhukumu, anaaibika. Ndiyo kazi yenyewe."

"Hiyo yote iko wapi?"

"Itaonyeshwa mwezi ujao, ukumbini."

"Na mwanzo?"

"Mwanzo nimeutoa sasa, ili watu waje." Akaona hajaeleweka, akasogeza kiti. "Filamu inaanza kabla ya hadithi, mama. Dakika ya kwanza ndiyo inayomwambia mtu akae vipi. Akisikia kinanda cha taratibu anajiegemeza, anangoja mapenzi. Akisikia bundi anakaza misuli. Akishakaa hivyo, kila nitakachomwonyesha atakiona kwa macho hayo, hata kama ni uji."

"Basi wewe umewaambia wakae wameshika mapanga."

Eugene akatabasamu, akidhani ni maneno ya ukali tu. Ndipo Kanze akaichukua simu ya kijana mezani, akaweka kidole chini ya maneno, akamsomea kwa sauti, silabi kwa silabi: nyuma ya mashine ya kusaga, nyumba ya makuti, mlango wa buluu. Akamweleza habari ya Dzombo na mtoto wake. Tabasamu likamtoka kijana, rangi nayo ikafuata.

"Kwetu mvi ni baraka," akasema.

"Hata kwetu ni baraka. Lakini baraka hiyo tunaipaka piko."

Eugene akageukia kompyuta, akabonyeza hapa na pale. "Nimeifuta."

"Umeifuta kwako. Simu ya Dzombo je?"

Kijana akashika kichwa. Feni ilizunguka juu yao, na kila pikipiki iliyonguruma barabarani ilimpiga Kanze kifuani. Baadaye Eugene akaanza kufungua picha za siku ile, zile ghafi, ambazo hazikukatwa wala kutiwa ngoma.

"Unakumbuka alicheka kwa nini?" akauliza.

"Ulianguka zizini."

"Nilianguka zizini," Eugene akakubali. "Mwanzo ukishaingia kichwani mwa mtu hautoki, mama. Labda uufunike kwa mwanzo mwingine, wa vitu vile vile, ili akiuona ule wa bundi aukumbuke huu."

Akafanya kazi bila kunyanyua macho. Akamtoa bundi. Akaitoa ngoma, nyuma yake ikabaki sauti ya jogoo na redio ya jirani. Picha ya mikono akaipanua, na kinuni kikaonekana kisamvu, kibichi, kimelowa. Kandambili ikalala vumbini, halafu Easter akaja akirukaruka kwa mguu mmoja kuifuata. Moshi ukapanda, Hawe akafikicha macho mekundu akanung'unika, "Vifuu hivi vitanitoa macho." Kisha akaonekana Eugene mwenyewe, maana kamera ya pili ilikuwa imesahauliwa juu ya ndoo: anarudi kinyumenyume na kamera begani, anajiona fundi, mbuzi anavuta kamba, na fundi anakwenda chini na kukaa kitako katikati ya samadi. Ndipo Hawe Pola akacheka. Kicheko kilikuwa kile kile, hakikupunguzwa wala kuongezwa, chenye mkwaruzo wake. Kanze akajikuta akicheka machozi yakimtoka.

"Wataniita mwanasinema wa mavi ya mbuzi," Eugene akasema.

"Waache wakuite. Wewe hawatakukata."

Eugene aliituma kwenye makundi yote ya simu yaliyopokea ile ya kwanza, akaiweka pia kwenye simu ya Kanze. Lakini nani alijua ipi ingetazamwa kwanza, na nani ameishiwa bando?

Kanze aliporudi, jua likiwa limeinama, alikuta pikipiki tatu zimeegeshwa kwenye minyaa. Watu walisimama uani. Zipporah alikuwa kwenye kigoda chake, kisu mkononi, rundo la sukuma wiki iliyokatwa likimfika magotini. Ilionekana alikwisha kumaliza za kuuza, akaendelea tu kukata. Hawe Pola alikuwa mkekani, mvi zake zikiwaka katika mwanga wa jioni.

Dzombo alisimama mbele yake. Panga lilining'inia ubavuni. Panga ni kitu cha kila siku, mtu hutoka nalo shambani. Lakini litokalo shambani huwa na majani kwenye makali, na hili lilikuwa safi.

Kanze akapita katikati yao. "Dzombo," akasema, "umeona mwanzo. Hukuwapo siku ile. Mimi nilikuwapo. Tazama."

Akainua simu. Akabonyeza. Jogoo akawika ndani ya simu. Kisamvu. Easter na kandambili yake. Moshi, macho, manung'uniko. Vijana wakasogea mmoja mmoja. Dzombo hakusogea, lakini macho yake yalikuwa kwenye kioo. Eugene akaanza kurudi kinyumenyume.

Kijana mmoja, yule wa sokoni, akatoa kicheko cha puani. "Huyo wa kamera kaoga samadi."

"Irudishe hapo anapokaa," mwenzake akasema.

Kanze akairudisha. Kicheko cha Hawe kikasikika tena uani mwake mwenyewe, na wale vijana wakacheka pamoja nacho, kwanza kwa haya, kisha kwa sauti.

"Nilimwambia asirudi nyuma bila kutazama," Hawe Pola akasema kutoka mkekani. "Mtu wa bara hasikii."

"Tunasikia, Hawe," Zipporah akajibu bila kuacha mboga. "Tunachelewa tu kuelewa."

Dzombo hakucheka. "Mwanangu bado ana homa," akasema.

Hawe akamtazama kwa macho yake mekundu, na Dzombo akayakwepa.

"Umempeleka hospitali?"

"Nimempeleka kwa waganga wawili."

"Mpeleke kwa wa tatu, yule mwenye sindano. Nenda leo, si kesho." Akavua kanga mabegani, akamnyooshea. "Mfunike na hii, upepo wa pikipiki ni mbaya kwa homa."

Dzombo aliitazama ile kanga. Mkono wake ukanyanyuka, ukashuka. Hakuichukua. Aligeuka, akampandia nyuma yule kijana wa sokoni, wakaondoka kuelekea kwake, na panga lake akaenda nalo.

Mtoto alilazwa Malindi. Ilikuwa malaria, akapona. Mke wa Dzombo alikuja baadaye na ndizi mbili za mzuzu, akaziweka mlangoni bila kubisha. Kanze aliupaka mlango rangi ya kijani. Hawe Pola akaomba mwenyewe piko, akapakwa. Mpaka leo pikipiki ikipunguza mwendo nyuma ya minyaa, wote wawili huacha walichokishika.

Maana picha ile ya kwanza haikufa. Mwezi uliofuata mume wa Kanze alipiga simu kutoka Lamu, sauti imemkauka. Mfanyakazi mwenzake alikuwa amemwonyesha picha ya kutisha ya bibi mmoja mchawi, asijue anamwonyesha nani.

Nawe unayesoma, ikikufikia ile yenye bundi na herufi nyekundu, iishie kwako. Hadithi hii usiikalie. Msomee aliye karibu nawe, umpe aliye mbali, na umwombe naye ampe mwingine, ili imfikie yule asiyemjua Hawe Pola kabla hajauona ule mwanzo.