Sauti Kwenye Utando

Kila asubuhi kabla ya chai, fundi wa mtambo wa majitaka huosha tando zake. Ni karatasi za plastiki zenye vitundu ambavyo jicho halivioni. Maji hupenya, uchafu hubaki. Vitundu vikiziba, husukuma maji kinyumenyume ili kilichonasa kitoke.

Jumatatu ile ilitoka sauti ya kaka yake.

"Mama amekula?" iliuliza.

Fundi akafuta mikono kwenye ovaroli. "Amekula. Wewe je?"

Kaka mtu alitumbukia tangini mwezi uliopita, pale kwenye kidaraja ambapo chuma cha kushikia kilikuwa kimekatika, na wakubwa walikuwa wameamuru pafungwe kamba. Mwili ulizikwa. Sauti ilibaki majini, na kwa kuwa ilikuwa nene tangu zamani, haikuweza kupenya.

Mama yao akaletwa. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamgombeza mwanawe kwa viatu alivyoacha uvunguni, kisha akalia. "Nimekukumbuka, baba, mpaka nimechoka." Wafanyakazi walipita na mipira yao ya maji, wakamwamkia mama, wakautania utando: "Vipi mkubwa, bado unakoroma?"

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alimpa mama pole, akasema sauti inaziba vitundu na maji yanapungua. Ijumaa tando zote zitalowekwa kwenye dawa kali, ibaki plastiki tupu.

"Na kile chuma?" fundi aliuliza.

"Kinashughulikiwa."

"Dawa je?"

"Imeshafika."

Alhamisi fundi alikata kipande cha utando, akakiviringisha kwenye taulo. Getini mlinzi alimuuliza amebeba nini.

"Kaka yangu."

"Haya, msalimie mama."

Sasa kipande kiko jikoni, ndani ya beseni. Jioni mama hukimwagia maji kwa nyuma, wanapiga soga mpaka sufuria inaungua. Sauti inazidi kufifia kila anapoiosha, naye analijua hilo. Humimina kidogo kidogo, kwa kikombe, sikio likiwa karibu kugusa maji.

Fundi akirudi kutoka kazini, kaka humuuliza kwanza.

"Leo umepita wapi?"

"Palepale. Njia ni hiyo moja."

"Wameweka chuma?"

"Kamba."

Mama anaongeza maji kidogo.

"Basi ukipita, egemea ukutani," sauti inasema. "Mimi nilishika kamba."