Pembe ya Nne ya Shela ya Sherbanu

Mimi nina mdomo, najijua. Lakini wifi yangu Jenabai ananishinda. Miaka miwili iliyopita, mbele ya wanawake wa mtaa mzima hapa mjini Bhuj, India, alishika kitambaa nilichokifunga mafundo ya uzi kwa miezi minne, yale yanayoacha vitone vyeupe kikishatiwa rangi, akasema vitone vyangu ni vikubwa kama dengu. Kweli ni vikubwa kuliko vyake. Vyake ni vidogo kama mbegu za haradali, na wanunuzi wanatoka mbali kumtafuta. Lakini ndiyo aniseme mbele za watu? Nikakata mguu kwake.

Mwaka huu binti yangu Sherbanu akaposwa, nami nikamwapia mama mkwe wake kwamba shela ya harusi nitaifunga peke yangu, bila mkono wa mtu. Miezi minane nilikaa kitako: nanyanyua hariri kwa ukucha mrefu wa kidole cha mwisho, nazungusha uzi, nakaza, nahamia pengine. Kila kitone fundo lake, na shela ile ilitaka mafundo zaidi ya elfu ishirini. Pembe tatu zikaisha. Harusi ikabaki wiki tatu, na bado kuna kutia rangi.

Basi nikasugua sufuria, ukucha ukavunjika mpaka kwenye nyama.

Nilikaa chini jikoni nikalia kama mtoto. Ukucha wa kazi hii huchukua miezi kukua. Wapo wanaovaa pete ya chuma yenye ncha badala ya ukucha. Nikaiazima, nikatoboa hariri mara mbili, nikairudisha. Na bibi harusi wa kwetu akitoka bila shela ya mafundo, watu watamsema mpaka azeeke. Sherbanu aliniletea chai, akanitazama, akasema neno moja tu: shangazi.

Nikaenda, shingo upande. Njia nzima natunga maneno makali ya kumjibu. Jenabai alifungua mlango, akaangalia kidole changu, akaangalia furushi la shela. Alinawa mikono, akaketi mkekani.

"Wifi," akasema, "vitunguu saumu viko jikoni. Menya."

Siku kumi na moja nilimenya, nikafagia, nikapika mikate ya uwele, naye anafunga. Alisema mikate yangu minene, chumvi imezidi, hata ufagio sijui kuushika. Nikamwambia mbona mumewe ameanza kunona tangu nije. Kufika siku ya tatu tulikuwa tunacheka mpaka anapoteza mahali alipofikia. Ila kazi yenyewe sikuitazama. Niliogopa. Nilijua pembe yake itatoka na vitone vidogo, zangu tatu na vikubwa, na kila mwenye macho atajua kiapo changu kilikuwa cha uongo.

Alimamad mtia rangi aliichovya shela kwenye nyekundu, akairudisha imejikunyata, mafundo yote yamo. Kwetu haifunguliwi mpaka asubuhi ya harusi, watu wakitazama: mama hushika upande mmoja, shangazi upande wa pili. Tukavuta. Nyuzi zikaruka, pa pa pa pa, vitone vikatokeza vyeupe, wanawake wakapiga vigelegele.

Mimi macho yangu yalikimbilia pembe ya nne. Nikatafuta mahali nilipoachia, sikupaona. Vitone vilikuwa vikubwa vilevile, hata vimeelemea kidogo kushoto, kama vinavyoelemea vyangu. Yule mwanamke alikuwa ameuzuia mkono wake siku kumi na moja, ili mimi nisiaibike. 

Mama mkwe wa Sherbanu akaipitisha shela mkononi, akasifu: mkono mmoja toka mwanzo hadi mwisho, inaonekana wazi. Jenabai anaokota nyuzi sakafuni. Ningeweza kunyamaza, na siri ingeishia pale.

"Si mkono mmoja," nikasema. "Pembe hii kaifunga shangazi yake. Mimi niliapa, nikashindwa."

 Jenabai akaivuta ile pembe, akaichungulia kwa karibu.

"Na mniombee dua," akasema, "maana maishani sijapata taabu kama ya kufunga vibaya namna hii."

Mama mkwe ndiye aliyeanza kucheka. Mimi nilimkumbatia wifi yangu huku nacheka na machozi yananitoka, na Sherbanu akaja akatufunika sisi wawili kwa shela yake, bado inanuka rangi.