Shokapu za Mbele

Jumamosi moja asubuhi, uani kwake katika kijiji cha Shoshong, Gaolekwe aliinyanyua pikapu yake kwa jeki, akayazuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, akafungua tairi la mbele la kulia. Alitaka kubadilisha shokapu za mbele peke yake. Mkewe, Sethunya, akaja bila kuitwa, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hilo halikumpendeza Gaolekwe, ila hakuwa na sababu ya kumwondoa.

Wiki saba zilikuwa zimepita tangu ajali. Siku hiyo alikuwa akirudi kutoka kambi ya ng'ombe pamoja na Boikanyo, mdogo wake Sethunya. Gari liliacha barabara ya changarawe likajibamiza kwenye mgunga. Gaolekwe alitoka na mchubuko wa paji la uso. Boikanyo alivunjika nyonga, na daktari akasema hatatembea tena bila mkongojo. Gaolekwe aliwaambia watu kwamba punda aliingia barabarani. Punda wa Shoshong wanajulikana kwa kuzurura barabarani. Hakuna aliyeuliza mara ya pili.

Sasa nati ya juu ilikuwa imekataa. Kila alipoizungusha, ncha ya shokapu ilizunguka pamoja nayo.

"Nati hiyo unaibembeleza tangu saa tatu," Sethunya alisema. "Hata mimi hukunibembeleza hivyo."

"Wewe hukuwa na kutu."

Sethunya akacheka, akachukua koleo, akaibana ncha isizunguke. Baba yake aliendesha malori ya kuchimba visima miaka ishirini, naye utotoni ndiye aliyemshikia tochi. Nati ikalegea. Gaolekwe akaingia chini ya gari, akafungua bolti ya chini, na shokapu ikadondoka mchangani.

Alinyoosha mkono kuichukua, lakini Sethunya alishaiwahi. Aliisimamisha juu ya ubao, akaisukuma. Ilizama bila ubishi wowote, ikabaki huko huko. Kisha akaikwaruza kwa ukucha. Mafuta yalikuwa yamevuja na kushika vumbi, tabaka juu ya tabaka, mpaka likawa gamba nene kama kidole.

"Hii haikufa siku ya ajali," alisema.

Kutoka chini ya gari Gaolekwe aliona miguu ya mkewe tu.

"Baba Refilwe, nasema na wewe."

"Nimesikia."

"Ilianza lini?"

"Agosti. Mbele kulikuwa kunadundadunda. Kwenye changarawe usukani ulikuwa unanitoroka."

"Na ajali ilikuwa Oktoba."

"Ndiyo."

"Na mdogo wangu ukampakia."

"Kila wiki nilisema Jumamosi ijayo. Kila Jumamosi ikawa na jambo lake."

"Punda je, alikuwepo?"

"Alikuwepo, ila mbali. Kwa gari zima ningempita. Nilikanyaga breki, mbele kukadunda, sikuwa na usukani tena."

Sethunya aliilaza shokapu chini polepole.

"Mzee Ditsheko alikuja hapa kuomba radhi kwa ajili ya punda wake," alisema. "Mtu mzima yule, kofia mkononi. Ukampa chai. Kisha akawauza wote wanne kwa aibu, sasa anabeba maji mwenyewe kwa toroli. Ukamwona akipita, ukanyamaza."

Gaolekwe akatoka, mgongo umejaa mchanga. "Nilikuwa nikitafuta pa kuanzia."

"Malizia kazi. Halafu utaanzia kwa Boikanyo."

Walifunga shokapu mpya, kulia kisha kushoto. Sethunya alishika koleo, Gaolekwe akakaza nati, na hapakuwa na utani tena. Walipoondoka, gari lilitulia barabarani kama halijawahi kumdhuru mtu, na hilo lilimuumiza Gaolekwe kuliko maneno ya mkewe.

Boikanyo alikuwa kwa mama yao, godoro limetandikwa kwenye kivuli cha ukuta. Alikuwa mshonaji, cherehani yake ya miguu ilifunikwa shuka tangu siku ile. Gaolekwe alipiga magoti akamweleza yote.

Boikanyo alijiinua kwa kiwiko. "Shemeji, siku ile nilikuuliza mbona gari linayumba. Ukasema ni barabara."

Gaolekwe alikuwa amelisahau neno hilo.

"Hospitali nikamwambia mama, akasema nimegonga kichwa, naota. Nami nikaamini naota. Wiki saba najiona nina wazimu." Akageuza uso ukutani. "Nenda sasa. Hasira yangu bado haijafika, na ikifika nisikuone."

Sethunya alibaki na mdogo wake. Gaolekwe alikwenda peke yake kwa Mzee Ditsheko, akamkuta akimimina maji kwenye pipa. Mzee alimsikiliza akiwa amesimama, wala hakumkaribisha kiti.

"Mimi wamenisema kgotla, barazani kwa chifu, mbele ya watu wote," alisema mwishoni. "Haya uliyoniambia, nawe utayasema huko?"

"Nitayasema, Rra," Gaolekwe alimjibu kwa heshima.

"Basi Jumatatu."

Jumatatu aliyasema, amevua kofia, mbele ya chifu na nusu ya mtaa. Chifu aliamua amlipe mzee punda wawili. Habari ya Boikanyo ikaachiwa wazee wa pande zote mbili, na mpaka leo haijaisha. Sethunya alirudi nyumbani siku ya tisa. Alipika, wakala, akamuuliza kama bolti amezikaza tena. Akasema amezikaza.