Video ya Baba na Ng'ombe wa Sulle

Betri ya simu yangu ilikuwa imevimba mpaka mfuniko haufungi, na kioo kilikuwa cheusi tii, ingawa simu yenyewe bado ilikuwa hai. Gerald, fundi simu wa pale Endasak, aliigusa kwa kidole kimoja.

"Mama Glory, hii ikizima haiwaki tena."

Humo mlikuwa na video ya marehemu baba akimwombea mdogo wangu Violeth slufay, ile sala yetu ndefu ya baraka ambayo mzee huomba na watu huitikia. Alijua hatafika harusini. Harusi yenyewe ni Jumamosi, na nilishamwahidi Violeth kwamba baba atasikika.

"Usiogope, simu inapandisha video mtandaoni yenyewe," Gerald alisema, akafungua akaunti yangu kwenye simu yake. Nikaona picha za ng'ombe wa jirani yangu, Sulle. Nikaona ubatizo wa mtoto wa Konsolata wa kijijini kwetu.

"Hawa wamefuata nini kwangu?"

Gerald akajikuna kichwa. Kumbe kila aliyenunua simu kwake alimwingiza kwenye akaunti moja, kwa kuwa wengi hatuna barua pepe na yeye ana haraka. Nilitamani kumzaba kibao. Akaunti ilikuwa imejaa tangu Pasaka, na baba alirekodiwa baada ya Pasaka, kwa hiyo video yake haikuwa imepanda.

"Tufute hawa ng'ombe, nafasi ipatikane," akanong'ona. "Mzee Sulle hatajua."

"Kwenye simu yake zitabaki?"

"Zitaondoka."

Ng'ombe wale walikufa wote kwa ukame. Sulle amebaki na picha tu. Simu yangu ilizidi kupata moto mezani, na nilitaka kusema ndiyo. Kweli nilitaka.

"Futa harusi yangu," nikasema. "Ile video ndefu."

"Una nakala nyingine?"

"Futa, Gerald!"

Akafuta. Tukakodolea macho kamstari ka video kwenye simu yake, kanasogea, kakasimama, kakasogea tena. Nikaikalia mikono yangu nisiiguse simu.

"Imeingia," alisema. Muda mfupi baadaye simu yangu ikazima.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Sulle mlangoni, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama Glory, baba yako ameingia kwenye simu yangu. Anaomba mvua, anaomba watoto, anaomba ng'ombe." Akafuta macho kwa kofia. "Hapakuwa na mtu wa kumwitikia. Nikaenda nikasimama zizini, nikamwitikia mwenyewe mpaka mwisho."