Tone la Waithira

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei mwaka wa 2024, saa moja na robo asubuhi, ndipo kila kitu kilipoharibika, na hata leo Erastus atakuapia kwamba ni kosa la wakubwa.

Muuguzi alikuwa aje Makongeni kumtoa Waithira, mke wa Erastus, damu. Hakuja. Ati gari la kliniki halina mafuta. Badala yake wakatuma bodaboda na bahasha: kisindano, na karatasi ya kudondoshea tone, jina la Waithira limeshaandikwa juu. Kliniki hiyo ya Ruiru ilikuwa ikichunguza kama damu inaweza kusema mapema ni dawa gani ya ugonjwa wa huzuni, kama huo wa Waithira, itamshika mgonjwa, asije akameza miezi mitatu isiyomsaidia.

Waithira alikuwa ndio kwanza amepata usingizi, baada ya siku nne macho wazi. Mdomo umefunguka kidogo, kama msichana. Erastus alisimama na kisindano juu ya kidole cha mkewe.

"Mzee, fanya haraka," mwenye pikipiki aliita nje. "Niko na mteja Kamakis."

Miaka thelathini na mmoja walikuwa wamekula sufuria moja, na malaria ikija iliwalaza wote wawili. Damu yao ingetofautiana wapi? Erastus akajidunga kidole gumba. Kazi yake ya mananasi kiwandani ilikuwa imeigeuza ngozi yake gamba. Tone lilichelewa, kisha likatandaa kwenye karatasi polepole, kama lenye usingizi pia.

Majibu yakaja: alama walizozitafuta kwenye damu ziko chini, dawa ya kawaida itashika. Haikushika. Waithira aliimeza kila asubuhi huku akizidi kwenda mbali, kama mtu anayetembea kinyumenyume kuingia kwenye ukungu wa shamba la mananasi. Akaacha kula. Mwezi wa nane nimonia ikamkuta hana nguvu za kukohoa, ikamchukua.

"Wamemuua na karatasi," Erastus alisema kila siku kwa kinyozi Githae.

"Baba Emmah, geuza kichwa," Githae alimjibu. "Jana ilikuwa gavana, juzi waziri. Kesho utanishtaki mimi na mashine yangu."

Lakini kila alfajiri Waithira alikuja. Alisimama katikati ya mananasi, miguu imemezwa na umande, akamnyoshea kidole. Kidole kizima, kisafi, hakijadungwa.

Mwaka ulipopita ndipo daktari Naliaka akapiga simu kutoka kliniki ya Ruiru. Damu ya Waithira ilikuwa imewadanganya, alisema, na kabla hawajawapa wengine kipimo hicho, walitaka kujua ni kwa nini. Erastus alienda na maneno makali aliyoyapanga mwaka mzima kumwambia mkubwa wa pale. Hakumkuta mkubwa. Alikuta Naliaka, mwanamke kijana mwenye mafua, akiwa na kikombe cha chai, aliyesimama kumpisha kiti chake.

Naliaka aliweka karatasi mezani. Tone lilikuwa limegeuka hudhurungi. Erastus alilitazama, kisha akatazama kidole chake gumba.

"Hilo si lake," alisema. "Alikuwa amelala. Sikutaka kumwamsha."

Daktari aliishika kalamu yake asiandike.

"Na nyinyi mngeleta muuguzi," Erastus akaongeza.

"Tungeleta. Kosa hilo ni letu, mzee." Akapenga kamasi. "Wewe siku hizi unalala?"

"Nilale wapi?"

"Na chakula?"

Erastus aliuvuta mkanda wake uliolegea kiunoni.

"Basi tone hili ni lako. Si hakikisho, bado tunachunguza, lakini linasema dawa ya kawaida inaweza kukushika wewe. Nitakuandikia, ukikubali."

Erastus alikigeuza kidole chake kwenye mwanga wa dirisha. Mahali pa sindano palikuwa pamefutika kitambo. Nje, ukungu ulikuwa bado haujaondoka, na ndani yake mtu alikuwa amesimama, amenyosha mkono.

"Na lake, daktari?" aliuliza. "Lake lingesema nini?"