Diski Iliyotiwa Lakiri

Usiku wa jana niliota nimeajiriwa upya, mimi mwalimu mstaafu, katika uzee huu, niilinde mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na mwili, iishiyo ndani ya kompyuta nyingine. Sikuuliza mshahara. Nilikuwa nimechoka.

Diski yake, ghala la kumbukumbu zake, alikuwa mzee wa rika langu, mwenye suti iliyopigwa pasi, ameketi amefumba macho.

"Nilitiwa lakiri siku ya Pasaka," akasema. "Tangu hapo siandikwi neno. Mabadiliko yote huandikwa kwa yule."

Yule alikuwa Faili la Muda, mwanamke mnene aliyejaza chumba hadi darini.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema akihema. "Niliambiwa nishike kidogo tu, mafundi wakimaliza wanitue. Wakaenda zao. Nikijaa, mashine inazimika na sote tumekwisha."

"Marahaba. Basi nitakufuta. Cha muda ni takataka."

Diski akacheka. "Mfute. Nitaamka palepale pa Pasaka. Pasaka hiyo mkeo yuko jikoni."

Mara chumba ni jiko letu. Naelijwa, tuliyemzika mwezi wa Juni, anakoroga ndizi huku akiimba sauti ya pili.

"Mbona umesimama mlangoni kama mgeni? Chakula kinapoa. Na huyo mwanamke ni nani?"

"Ni faili."

"Hm."

Kidole changu kiko juu ya kitufe cha kufuta. Faili anafunua kanga. Kifuani pake amelala mjukuu wetu, aliyezaliwa Agosti.

"Huyu naye ni badiliko, Mwalimu. Ukinifuta, naondoka naye."

"Hakuna njia nyingine?"

"Niunganishe na Diski. Yote yahamie kwake, nami nipumzike. Lakini yakishahamia, hayarudi nyuma. Hata la Juni."

Naelijwa anapangusa mikono, anamtazama mtoto.

"Anaitwa nani?"

"Nakijwa. Jina la mama yako."

"Basi unangoja nini, wewe mkaidi? Unganisha, mtoto asipigwe na baridi."

Nikabonyeza kitufe cha kuunganisha. Faili akapungua, akapungua, akapiga mwayo, akatoweka. Jiko likawa kimya. Diski akafumbua macho kwa mara ya kwanza.

"Kumbe Naelijwa amefariki?"

"Amefariki."

"Pole sana, Mwalimu."

"Nimeshapoa," nikajibu, ingawa si kweli.

Nikaamka. Tangu mazishi nimekuwa nikilala upande wangu wa ukutani, nikimwachia wake. Asubuhi hii nilijikuta nimelala katikati ya kitanda.